Kizibo Chekundu

Rukia, mke mwenzangu,

Umetoka hapa saa nane mchana ukasema unakwenda soko la Liuhua kutafuta begi lenye magurudumu yasiyokwama. Nakujua. Ukifika kule utaingia maduka ya viatu, na hutarudi kabla ya magharibi. Vizuri. Nimekaa dirishani, mguu nimeuweka juu ya boksi, naandika. Usiucheke mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la nne, na kalamu nilikuja kuishika sawasawa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mimba ya baba yako, na mwalimu mwenyewe mdogo kuliko mimi. Herufi zangu zimelala, lakini hazijafa.

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho. Karatasi hii si ya salamu. Wala sitakuandikia habari za kupika, za kufua, za kuamka mapema, za wanaume. Hasa za wanaume: nimekwambia tangu una miaka kumi na miwili, kama hazijaingia mpaka leo, hazitaingia kwa barua. Shangazi yako Zena atakupokea Dar, atakuonyesha duka la Kariakoo, atakuonyesha na stoo. Hiyo stoo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Chini ya ngazi, nyuma ya mabegi ya shule, utakuta maboksi matatu yenye alama yangu, ile ya duara na mstari katikati. Zena hayagusi kwa sababu nilimwambia asiyaguse. Wewe ukiambiwa usiguse ndiyo kwanza unatafuta kisu. Ndani mna vizibo vya mkanda wa gari, vya kuchomeka ili gari lisilie usipojifunga. Ndiyo, vile vile. Nilipotoka hospitali nilikwambia nimeviuza vyote vikaisha. Sikuviuza. Huo ni uongo mmoja, tena ndio mdogo.

Mbele ya duka kuna kibanda cha chai cha mtu anaitwa Shabani. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Atakusalimu vizuri, atakuita mtoto wa Idrisa, atakataa hela yako siku ya kwanza. Shabani anajua jambo ambalo wewe hulijui, na amelinyamazia miaka kumi na miwili kwa sababu mimi nilimwambia anyamaze. Sitaki ulisikie kwake huku umeshika kikombe, umezungukwa na wachukuzi. Utalisikia kwangu, na utalisikia leo.

Lakini nitaanzia kwenye gari la Chen, kwa sababu ndimo nilimokudanganya.

Unakumbuka ilivyokuwa. Zilikuwa zimebaki siku chache wafunge viwanda kwa mwaka mpya wa Wachina. Yule laoban wa vitambaa vya viti, bosi aliyekuwa anajiita rafiki yangu, alikuwa ametuma picha ya mzigo na rangi si niliyoagiza. Niliomba maruni, yeye kaweka rangi ya ini lililochacha. Nikasema naenda mwenyewe, nikamwekee kitambaa usoni. Chen akaja asubuhi na lile gari lake la viti saba, akasimama pale chini ya daraja la waenda kwa miguu, akatoa kichwa nje, akasema, "Mama, kule juu milimani mvua inaganda. Barabara kioo. Twende keshokutwa."

Nikamwambia, "Keshokutwa kiwanda kimefungwa, na wewe utakuwa kwa mama yako unakula bata."

Akacheka. Chen alikuwa mtu wa kucheka. Ningemsikiliza, leo ningekuwa na miguu miwili ya kusimamia. Nataka uliandike hilo kichwani: dereva alisema, na mimi nikamshinda kwa mdomo. Maisha yangu yote nimewashinda watu kwa mdomo, kisha nikabaki peke yangu na nilichokishinda.

Nilikaa mbele. Mimi ndiye mwenye safari, nikae nyuma kama kuku? Wewe ukakaa nyuma yangu, ukajifunga, ukaweka vile vitu vyako masikioni. Mimi sikujifunga. Nilikuwa nimevaa makoti mawili na kanga mbili chini yake, nimevimba kama gunia la pamba, na mkanda kwangu ulikuwa kitu cha kumfungia mbuzi. Gari halikulia. Kwenye tundu la mkanda wangu kilikuwa kimechomekwa kizibo, na kizibo hicho mimi ndiye niliyempa Chen, zawadi, pamoja na kitambaa cha usukani.

Tukasimama kwenye kituo cha barabara kuu, tukanunua mahindi ya kuchemsha. Baridi ya pale ilinitoa machozi nikidhani nalia. Tuliporudi garini ndipo ulipoanza.

"Bibi, funga mkanda."

"Mimi si mzigo."

"Bibi, barabara imeganda, funga."

"Nimepanda magari kabla mama yako hajaota meno."

Basi ukapitisha mkono katikati ya viti, ukakichomoa kile kizibo, ukashusha dirisha, ukakitupa. Kitu cha watu! Gari likaanza. Ti, ti, ti, ti. Nikakwambia huna adabu. Nikakwambia ndiyo malezi ya Kichina haya. Wewe unatafuna mahindi. Nami kwa kiburi changu nikakaa hivyo hivyo, gari linalia, nimekaza macho mbele kama sisikii. Lilianza polepole, likazidi, likawa kama mtoto wa kike aliyenyimwa kitu. Tulipita mahandaki mawili namna ile. Mwishowe Chen akagonga usukani, "Mama, nakuomba, nitakuwa kichaa." Nikafunga. Si kwa ajili yako, wala si kwa ajili ya Mungu. Nilifunga ili kelele zikome.

Nikadhani nimemaliza. Wewe ukainuka nyuma, ukanyoosha mkono, ukauvuta ule mkanda mara mbili. "Hujakaza. Umeufunga juu ya koti. Fungua koti, upite chini, kiunoni." Ukanifungua vifungo kama mtoto wa chekechea, mbele ya mwanamume wa watu. Ukaushusha mpaka kwenye mifupa ya nyonga, ukauvuta tena mara mbili. Mkono wako ulikuwa na chumvi ya mahindi. Nilikuwa nimekasirika mno.

Kisha likaja lile daraja.

Sijui kueleza vizuri. Gari liliacha kuwa gari, likawa sabuni. Chen hakupiga kelele. Alisema neno moja dogo la Kichina, taratibu, kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Tukagonga ukingo, tukazunguka, nikaona milima inapita mahali pa barabara na barabara mahali pa mbingu. Kitu kikapasuka usoni pangu, cheupe, kikanisukuma nyuma kama kofi la mtu mnene. Pembeni dirishani pakashuka pazia lililojaa upepo, kichwa changu kikagonga pale badala ya kioo. Halafu pakawa kimya, pakawa na unga mweupe hewani na harufu ya fataki. Nikajua nimekufa, maana baridi yote niliyokuwa nayo ilikuwa imetoka.

Sauti ya mwanamke ikaongea kutoka darini. Taratibu, ya heshima. Nikasema, huyo ni malaika wa kuhoji, sasa nitajibu nini, na mbona anahoji kwa Kichina? Wewe ukamjibu. Nikasikia unamjibu kutoka nyuma, unalia huku unamjibu, unasema watu watatu, unasema kando ya mto, chini ya daraja, unasema bibi yangu. Ndipo nikajua kwamba mimi ni mzima, na kwamba gari lenyewe ndilo lililopiga simu. Lilikuwa limejua limeanguka, likapiga simu. Watu wangapi huanguka hawapigi.

Gari lilikuwa limelala ubavu, upande wa Chen chini, upande wetu juu. Mimi nilikuwa nimening'inia juu yake. Nimeshikwa na ule mkanda kiunoni na begani kama nguo kwenye kamba, na goti langu limebanwa na ile dashibodi iliyoingia ndani. Nilipoutazama mkanda nikaona nikibonyeza tu, nitamwangukia Chen na goti litabaki juu. Basi nikawa sibonyezi. Chen akaamka, akanung'unika, bega lake limevunjika. Akajifungua wake ili apumue. Na gari, lile gari lililovunjika kila mahali, likamgombeza. Ti, ti, ti, ti.

Rukia, tulikaa mle zaidi ya saa mbili. Magari ya kuokoa yalikwama kwenye barafu ile ile. Nimewahi kuzaa watoto watatu, nimewahi kulala siku nne kwenye sakafu ya uwanja wa ndege wa watu, lakini sijawahi kufungwa namna ile. Huwezi kwenda chini, huwezi kwenda juu. Kinachokuokoa ndicho kinachokukata nyonga. Mbele yangu kulikuwa na kioo kilichokatika vipande bila kuanguka, na nyuma ya kioo kuna nyasi zimevaa barafu, kila unyasi na koti lake. Na ile sauti. Ile sauti niliyoiuzia dawa Kariakoo nzima, sasa hapana kizibo, hapana pa kukimbilia, ikawa inaniimbia.

Wewe ulipitisha vidole kati ya kiti changu na nguzo ya mlango, ukanishika sikio. Hukufika mkono, ukashika sikio. Ukawa unaniambia nisilale. Ukaniuliza habari za zamani ili niseme. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ukauliza, "Bibi, baba naye gari lake lililala hivi?"

Nikasema hapana, halikulala.

"Baba alikuwa amefunga mkanda?"

Nikasema, "Alifunga."

"Mbona alikufa, basi?"

Nikasema, "Siku yake ilikuwa imefika."

Chen chini akawa anaomba kwa lugha yake. Ti, ti, ti.

Sasa nisikilize.

Hakufunga.

Baba yako alikuwa na lile gari dogo jeupe, mtumba wa Japani, anapeleka mizigo yetu Morogoro na kurudi. Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu hapa Guangzhou, bado nanunua midoli na penseli mtaa wa Yide Lu, najaza kontena nusu na wenzangu. Akanipigia simu siku moja, nyuma yake nasikia ti ti ti. "Mama, sikia mwanao anavyoliliwa. Hili gari ni mke wa pili." Nikacheka. Wiki ile ile, kwenye kibanda cha midoli, nikaona ndoo imejaa vile vidude. Nikauliza ni vya nini, mwenye kibanda akanionyesha kwa mikono. Nikachukua kumi na mbili, rangi mbalimbali, nikamtumia Idrisa kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Akanipigia tena. Kimya nyuma yake. "Mama, umeniponya. Madereva wote stendi wanavitaka, leta ndoo nzima."

Ndivyo ilivyoanza biashara iliyokusomesha. Si vitambaa vya viti. Vitambaa vilikuja baadaye.

Siku ya ajali walikuwa wawili, baba yako na Shabani mchukuzi. Lori lilikuwa limeharibika barabarani, limeegeshwa bila taa wala matawi, jua la asubuhi likiwapiga machoni. Waliliingia kwa nyuma. Shabani alikuwa mwoga wa magari, alijifunga daima, na baba yako alikuwa akimtania kwamba akifa atazikwa na mkanda. Shabani alivunjika mkono akatoka kwa miguu yake. Baba yako alikuwa na kile kizibo, chekundu. Mfuko wa hewa ulifunguka mbele yake, nao ulifunguka kweli, lakini mtu aliyekuja kupima alituambia kwamba ule mfuko unamtaka mtu awe ameshikwa kwanza. Asiposhikwa, haumpokei, unamkuta njiani.

Nilikuja kumzika. Ulikuwa na miaka saba, ulinishika kanga, unauliza kwa nini watu wengi wamevua viatu nyumbani kwetu. Shabani akaja msibani, mkono una plasta mpaka kwapani. Akanivuta pembeni, nyuma ya sufuria za pilau, akaniambia, "Mama, nilimwambia afunge. Tulipotoka Chalinze nilimwambia. Akanijibu, mama yangu kaniletea dawa ya makelele."

Hayo ndiyo maneno. Sijayaongeza, sijayapunguza. Kaniletea dawa.

Nikamwambia Shabani, maneno hayo yaishie hapa hapa kwenye sufuria. Akasema sawa mama. Polisi wakanipa mfuko wa nailoni: simu, kofia yake ya viua, na kile kizibo. Askari hakujua ni nini, alidhani ni kipande cha gari. Nilikijua mimi. Nikakitia kwenye sidiria, nikarudi kukaa na wanawake wenzangu, nikalia kama mtu asiye na kitu kifuani.

Unajua nilifanya nini baada ya arobaini? Nilirudi Guangzhou, nikaagiza vizibo ndoo kumi.

Usifikiri ni roho mbaya. Ingekuwa roho mbaya ingekuwa rahisi. Ningeacha kuviuza, Zena angeuliza kwa nini. Wateja wangeuliza. Mimi mwenyewe ningejiuliza. Kuacha kulikuwa kukiri. Kwa hiyo nikaendelea, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, na kila ndoo niliyoituma ilikuwa inasema: unaona, ni kidude tu, watu wanakitumia na wapo hai, mama wa Idrisa hana kosa. Nilikuchukua wewe nikakuleta huku mama yako alipoolewa tena, na watu wakanisifu, wakasema bibi gani huyu. Nikapokea sifa. Nilikuwa napokea kila kitu siku zile.

Na walipouliza kifo chake, nilisema siku yake ilifika. Ni maneno ya kweli, kila Muislamu anayajua. Lakini mtu anaweza kuyachukua maneno ya kweli akajifunika nayo kama shuka, na hicho ndicho nilichofanya. Nilikifanya msibani, na nikakifanya tena kwenye gari la Chen, nimening'inia, damu imenijaa kichwani, mjukuu wangu kanishika sikio. Nilikuwa nimefungwa pale, sina pa kwenda, nilikuwa na saa mbili nzima za kusema kweli kwa mtoto aliyeuliza kwa kinywa chake. Nikamsingizia Mungu.

Wazima moto wakafika. Wakakata kioo cha mbele, wakaingiza mto chini yangu, kijana mmoja akanikumbatia kiunoni kabla hajakata mkanda, anasema, "Nainai, usiogope," ananiita bibi yake. Alipoukata nikaanguka mikononi mwake mzima mzima kama gunia, nikamtukana kwa Kiswahili, naye akacheka bila kujua. Chen akapona bega. Wewe ulipata michubuko, na alama ile ya mkanda begani iliyokuwa ya zambarau, ikawa ya kijani, ikawa ya njano, kila siku ukija hospitali naitazama, naona ingekuwaje. Mimi goti langu wakaliwekea vyuma. Daktari akamwambia yule muuguzi, wewe ukanitafsiria, kwamba mkanda ungekuwa juu ya koti au tumboni ningekatika ndani. Uliupitisha mahali pake. Mtoto wa miaka kumi na sita, mkono una chumvi.

Tangu siku ile sijauza hata kimoja. Ndiyo hayo maboksi matatu.

Na tangu siku ile, usidhani nimetoka kwenye lile gari. Watu wananiona hapa Xiaobei na fimbo yangu wanasema maskini, mguu. Si mguu. Ungeuliza kwa nini sijarudi Dar hata kwa likizo miaka yote hii, nilikuwa nasema visa, mzigo, baridi, joto. Ukweli ni kwamba pale mbele ya duka langu amekaa mtu mwenye mkono usionyooka anakaanga maandazi. Nimejifungia huku. Dirisha hili lina nondo kama madirisha yote ya jengo hili, lifti inakwama kila Ijumaa, najua kila mtu anayepita kwenye kile kichochoro. Jela yangu niliijenga mwenyewe, tena ghorofa ya tisa.

Wewe unatoka. Nilijaribu kukuzuia, umeona. Nilisema Dar kuna joto, Zena ana gubu, biashara imelala. Ulidhani nakuonea wivu, ukaninunia wiki mbili. Sikuwa nakuonea wivu. Nilikuwa naogopa kibanda cha chai.

Sasa maboksi. Nilitaka kuandika uyachome, nikakumbuka ni chuma na plastiki, yatatoa moshi mweusi na majirani watakuja. Nilitaka kuandika uyatupe, nikaona watu watayaokota wayauze. Mimi sijui. Nimeishi miaka sabini bila kusema maneno hayo, na leo nimeyaandika kwa mkono wangu: mimi sijui. Utakapofika utaamua. Ukiamua kumwita Shabani mkayavunje kwa nyundo nyote wawili, mbele ya duka, kila mtu aone alama yangu ya duara na mstari, sitakukataza. Labda ndiyo nitapata njia ya kurudi.

Kuna jambo moja la mwisho na si ushauri. Ile siku uliponichomolea kizibo nilikwambia huna adabu. Sikuwahi kulirudisha neno lile. Nimelirudisha sasa. Wewe ulifanya kwa bibi yako kitu ambacho mimi sikumfanyia mwanangu: ulikubali gari lilie, ukakubali mimi nikasirike. Mimi nilichotaka ni kimya. Nilimnunulia mwanangu kimya.

Jioni utakapoweka pasi yako ya kusafiria kwenye mfuko wa pembeni wa begi jipya, utakuta bahasha hii, nitakuwa nimeichomeka humo. Ndani yake kuna kile chekundu. Kimekaa kwenye kopo la nyuzi kabatini miaka yote, umekitazama mara ngapi ukitafuta sindano ukadhani ni takataka. Ni cha baba yako. Ni chako kukitunza au kukitupa, lakini kitoke kwangu.

Ukishasoma, usije chumbani kwangu. Usinililie, wala usinisamehe haraka haraka kama mtu anayelipa nauli. Lala.

Kesho asubuhi Chen anatupeleka uwanja wa ndege, nimemwambia. Ana gari jingine. Nitakaa nyuma, pembeni yako, mara hii siendi mbele. Lile tundu la mkanda atakuwa amelifukia chini ya kitambaa cha kiti, wote wana tabia hiyo, na kitambaa chenyewe labda ni changu. Nitalifukua. Nitafungua koti, nitaupitisha chini, kwenye mifupa ya nyonga, kama ulivyonifundisha. Halafu nitakaa kimya, mimi ambaye hunijui kwa kukaa kimya.

Usiponyoosha mkono, nitaelewa, na bado nitakubebea kile kibegi kidogo mpaka mlangoni, na fimbo yangu.

Ila kama unaweza, Rukia, usiseme kitu. Uvute tu ule mkanda wangu, mara mbili, uangalie kama umekaza.

Bibi yako,
mama yake Idrisa